Kununua Kazi za Mikono Cusco: Kipi Kitangulie, Kipi Kifuate na Kipi Kiachwe

Mji wa Cusco uko kusini mwa Peru, juu milimani, mita zipatazo 3,400 kutoka usawa wa bahari. Ulikuwa makao makuu ya dola ya Inka hadi Wahispania walipouingia mwaka 1533, na siku hizi ndio mji ambao karibu kila mgeni anayekwenda kuona Machu Picchu hulala usiku mmoja au zaidi. Palipo na wageni wengi hapakosi wauzaji. Kuanzia uwanja mkuu, Plaza de Armas, hadi vichochoro vya mtaa wa San Blas, ni nadra kupita mlango usiotundikwa sweta, shali au kofia yenye masikio, na kila muuzaji huapa kwa maneno yaleyale: kwamba sufu ni "baby alpaca" (alpaka ni mnyama wa kufugwa wa milima ya Andes, jamaa ya ngamia) na kwamba kazi ni "hecho a mano", yaani imefanywa kwa mkono.

Taabu ya mnunuzi, basi, si uhaba. Taabu ni kwamba shali ya soli 25 (soli ni sarafu ya Peru) na shali ya soli 250 hutundikwa msumari mmoja, hufanana zikiwa mbali, na husifiwa kwa ulimi uleule. Mwongozo huu umepanga bidhaa za Cusco kwa kigezo kimoja tu, nacho ni kiasi ambacho mnunuzi asiye mtaalamu anaweza kuuhakikisha ukweli wa kitu kwa macho na vidole vyake mwenyewe kabla hajatoa pesa. Sikupanga kwa uzuri, kwa sababu uzuri ni suala la mtu na macho yake. Wala sikupanga kwa bei, kwa sababu bei ya Cusco hutegemea saa, mvua, na viatu ulivyovaa.

Kigezo hicho nilikipata kwa hasara. Shali niliyouziwa kama alpaka safi niliipiga pasi nilipofika nyumbani, nayo badala ya kunyooka ikanata kwenye chuma, ikasinyaa, ikatoa harufu ya mfuko wa plastiki uliotumbukia jikoni motoni. Sufu ya mnyama ikizidiwa na moto huungua na kunuka kama nywele, lakini haiyeyuki.

Nafasi ya kwanza: nguo za kitanda cha kiunoni

Ufumaji wa kimila wa milima ya Cusco hutumia kitanda cha mfumi kisicho na fremu. Mfumaji huketi chini. Upande mmoja nyuzi za mtande, zile za urefu, hufungwa kwenye kigingi, na upande wa pili hushikwa na mkanda unaozunguka kiuno chake, hivyo kwamba akijivuta nyuma nyuzi hukaza na akiinama hulegea. Ili kutoa nakshi, nyuzi huokotwa kwa vidole moja baada ya nyingine, kazi ambayo kwa Kikechua, lugha ya wenyeji wa milimani, huitwa pallay, yaani kuokota, na mshindio, uzi unaokatiza upande kwa upande, hugongwa ukae mahali pake kwa ruki, kipande kilichochongwa ncha cha mfupa wa lama, jamaa mkubwa wa alpaka. Kwa kuwa mwili wa mtu ndio sehemu ya mtambo, upana wa kitambaa hauwezi kuzidi sana pale mikono inapofika. Ndiyo sababu lliclla, ile nguo ambayo wanawake wa milimani hujitanda mabegani, huwa ni vipande viwili vilivyounganishwa kwa mshono katikati. Ndugu yake mkubwa, q'eperina, hubeba mtoto na mzigo mgongoni kwa namna ambayo mama yeyote wa Afrika Mashariki mwenye kanga ataitambua bila kuelezwa.

Ninapoishika nguo ya namna hiyo hutazama kingo kwanza. Nguo ya kitanda cha kiunoni ina kingo nne zilizofungwa na ufumaji wenyewe: uzi wa mtande hufika mwisho, huzunguka na kurudi, wala hakuna mahali palipokatwa kwa mkasi. Kitambaa cha kiwandani huja kwa jora, kikakatwa, kikakunjwa na kupigwa cherehani, na mkunjo huo hauwezi kufichika kwa mtu aliyeamua kuutafuta. Kisha huigeuza. Katika nakshi nyingi za Cusco, sura iliyo mbele iko nyuma vilevile, isipokuwa rangi zimebadilishana nafasi, kilichokuwa chekundu juu ya cheupe kikawa cheupe juu ya chekundu. Mashine kwa kawaida huiga mbele tu. Nyuma huacha nyuzi ndefu zinazoning'inia, ambazo kucha hunasa humo mara moja. Anayeijua kofia ya mkono ya Pwani hahitaji kufundishwa jambo hili, kwa sababu naye hununua kwa kuigeuza ndani nje.

Hatua ya tatu ni mshono wa katikati na utepe wa pembeni. Lliclla nzuri huzungushiwa ukingo mwembamba wa mviringo, uitwao ñawi awapa, wenye vidoa vinavyofanana na macho, maana ñawi kwa Kikechua ni jicho. Ukingo huo hufumwa na kushonwa kwa wakati mmoja, pale pale kwenye pindo la nguo, na ni kazi ya siku nyingi. Ukiuona, unaweza kuacha kuuliza maswali mengine kuhusu mkono na mashine.

Suala la rangi ni gumu zaidi. Ukipata nafasi ya kwenda Chinchero, mji mdogo ulio kilomita zipatazo 30 kutoka Cusco, utaonyeshwa utiaji wa rangi katika nyua za vikundi vya wafumaji. Sufu chafu hutumbukizwa katika maji yenye mzizi uitwao saqta, uliokunwa mpaka ukatoa povu kama la sabuni, nayo hutoka nyeupe. Baadaye mfumaji huchukua kochinili, vidudu vikavu vya rangi ya majivu, vidogo kuliko punje ya mchele, ambavyo huishi juu ya mpungate, akavisaga kiganjani kwa kidole gumba. Kiganja chote hugeuka chekundu kama kilichochinjia kuku. Akikamulia limau, wekundu husogea kuelekea rangi ya chungwa. Akitia chumvi ya madini, husogea kuelekea zambarau. Na shabu ndiyo huifanya rangi ishike isitoke ikifuliwa. Kijani hutoka kwenye majani ya ch'illca, na buluu hutoka kwenye nili.

Ni onyesho zuri, na wanaolifanya wamelirudia mara nyingi kiasi kwamba hata mzaha huja mahali palepale. Nina maneno mawili ya tahadhari. La kwanza ni kwamba kuona sufu ikitiwa rangi uani hakuthibitishi kwamba kila kilichotundikwa ukutani kimetoka uani humo. Vipimo vya kingo na mgongo wa nguo vitumike hata huko. La pili ni kwamba rangi ya dukani si udanganyifu. Wanawake wa vijiji vya juu hupenda sana waridi kali na kijani kinachowaka, hununua rangi hizo sokoni, na hufuma kwa ajili ya nguo zao wenyewe za sikukuu. Lliclla ya namna hiyo, hasa iliyokwisha kuvaliwa, ina ukweli zaidi kuliko nguo ya rangi tulivu za majani iliyofumwa ili ipendeze sebule ya mgeni. Mimi hupendelea za kale zenye kiraka.

Kwa mnunuzi wa mara ya kwanza, mahali pa kuanzia ni Centro de Textiles Tradicionales del Cusco, lililoko Avenida El Sol karibu na Qorikancha, hekalu la kale la jua la Inka. Kituo hiki kilianzishwa mwaka 1996 chini ya uongozi wa Nilda Callañaupa Alvarez, mfumaji mzaliwa wa Chinchero, na hufanya kazi na jamii 10 za wafumaji, zikiwemo Accha Alta, Pitumarca, Patabamba na Chahuaytire. Bidhaa huwa na kibandiko kinachomtaja mfumaji na kijiji chake, bei haipatanwi, na mara nyingi wafumaji wenyewe huwa wameketi humo dukani wakifanya kazi. Bei zitakushtua kama umetoka vibandani. Kaa dakika 20 ukitazama sentimita mbili za utepe zikifumwa, kisha uitazame bei upya.

Hata kama huna nia ya kununua hapo, ingia kwanza, ushike vitambaa, uvigeuze, uyazoeshe macho, ndipo uende sokoni Pisac, mji mdogo jirani na Cusco, au Chinchero ukiwa na kipimo mkononi. Kwa kawaida wageni hufanya kinyume: huanza Pisac, hujaza mkoba, kisha huingia kituoni siku ya mwisho na kutoka wakiwa wamenyamaza.

Mwenye pesa kidogo asikimbilie blanketi kubwa la mashine. Achukue kitu chembamba cha kweli: chumpi, yaani mkanda wa kiunoni, au ch'uspa, kile kifuko kidogo ambacho wakulima hutilia majani ya koka. Nakshi za kijiji huonekana humo zote kwa udogo, na ukilinganisha kazi iliyomo, mkanda wa upana wa vidole vitatu huweza kuishinda shuka ya kitanda kizima.

Nafasi ya pili: vya kula

Watu hushangaa ninapoviweka vya kula juu ya vyungu na fedha, lakini kwa kigezo cha mwongozo huu vinastahili, kwa sababu ulimi ni shahidi mgumu kuhonga. Nenda soko la San Pedro, jirani na kituo cha reli cha jina hilohilo. Tafuta kakao ya bonde la Quillabamba, inayouzwa kwa vipande vizito vya duara au vya mche, visivyo na sukari, kwa ajili ya kuchemshia kinywaji. Ombeni kipande, mtafune. Uchungu wake hauna maziwa ya kujifichia. Kahawa ya upande huohuo wa mkoa ni nzuri pia, ingawa msomaji wa Kilimanjaro, Kagera au Nyeri ana haki ya kuona kwamba hiyo hakuifuata mbali.

Chumvi ya Maras, mji mdogo ulio karibu na Cusco, hutoka kwenye maelfu ya vidimbwi vilivyopangwa kama ngazi ubavuni mwa mlima, ambavyo hujazwa na chemchemi ya maji ya chumvi na kumilikiwa na familia za jirani. Ni nyepesi kwa bei, nzito kwa mzigo, na haivunjiki.

Nafasi ya tatu: udongo, vibuyu na masanduku ya watakatifu

Hapa ieleweke kwamba Cusco ni soko la nchi nzima. Vitu vingi vizuri vinavyouzwa humo havikutengenezwa humo, na si kosa, mradi ujue unachokinunua.

Fahali wawili wa udongo wanaokaa juu ya mapaa ya nyumba, msalaba ukiwa katikati yao, huitwa toritos de Pucará. Pucará ni kituo cha reli katika mkoa wa Puno. Wafinyanzi wenyewe walikuwa hasa wa Checca Pupuja, lakini abiria walinunua kituoni, na jina likashika kituo. Huwekwa wawili wawili kwa ajili ya baraka na ulinzi wa nyumba, kwa hiyo ukinunua mmoja utakuwa umenunua pambo tu. Waliofinyangwa kwa mkono hutofautiana kidogo macho na shingo. Wakiwa 40 wenye uso mmoja rafuni, wametoka kwenye kalibu, na bei iwe ya kalibu.

Vibuyu vilivyochorwa, mates burilados, hutoka Cochas Chico na Cochas Grande karibu na Huancayo. Mchoraji hukwangua ngozi ya kibuyu kwa chuma chembamba, kisha hukiunguza kwa kijinga cha moto anachokipuliza ili kupata kahawia ya viwango mbalimbali, na katika kibuyu kisichozidi ukubwa wa chungwa huweza kuingiza harusi nzima: bendi, wapishi, walevi na mbwa. Pitisha ukucha juu ya mstari. Kama hauhisi mfereji, ni rangi iliyopakwa au kuchapwa. Kuna jambo hapa linalonifurahisha kila mara: mmea huu wa kibuyu asili yake ni Afrika, na watu wa Marekani ya Kusini walikuwa wakiutumia maelfu ya miaka kabla ya merikebu ya kwanza ya Kizungu. Kwa hiyo ukikirudisha kibuyu Mombasa au Mwanza, unakirudisha kwao.

Retablo ni sanduku la mbao lenye milango miwili iliyopakwa maua, na ndani yake kuna ghorofa za vinyago vilivyofinyangwa kwa plasta na unga wa viazi: Noeli juu, soko la wanyama chini. Ni sanaa ya Ayacucho. Mwaka 1975 fundi wa retablo, Joaquín López Antay, alipopewa Tuzo ya Taifa ya Utamaduni ya Peru, baadhi ya wachoraji wa mjini Lima walipinga vikali, wakisema kwamba huo ni ufundi na sanaa ni kitu kingine. Retablo za mfukoni za soli chache hubandikwa vinyago vya kalibu kwa gundi. Kubwa ya fundi mwenyewe huwa na sahihi, na vinyago vyake havirudiani. Tatizo la kweli ni safari. Vidole vya plasta huvunjika hata ndani ya soksi tatu.

Cha Cusco hasa katika kundi hili ni watakatifu wenye shingo ndefu wa familia ya Mendívil, ambao karakana yao iko kwenye uwanja mdogo wa San Blas. Hilario Mendívil ndiye aliyeiinua shingo ya Bikira Maria na malaika ikawa kama ya lama, na tangu hapo wengi wameiga. San Blas hufikiwa kwa kupanda Hatun Rumiyoc, njia inayopita penye jiwe mashuhuri la pembe 12. Mgeni aliyewasili siku hiyohiyo ataipanda akihema, na ni afadhali aiache kwa siku ya pili. Aliyepo mjini tarehe 24 Desemba aende Santurantikuy, soko la watakatifu, ambapo mafundi hujaa Plaza de Armas kwa siku moja na vinyago vya pango la Noeli huuzwa na mikono iliyovifinyanga.

Nafasi ya nne: sweta, shali na kofia za alpaka

Ndizo zinazonunuliwa kuliko vyote, na ndizo zinazodanganya kuliko vyote. Kwanza tuliondoe kosa la jina. "Baby alpaca" si sufu ya mtoto wa alpaka. Ni daraja la wembamba wa unyoya, mikroni 22 na nusu hivi (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), na huweza kunyolewa kwa mnyama mzima. Kwa hiyo muuzaji anayekuhadithia habari za ndama anayenyolewa kwa mara ya kwanza, ama hajui bidhaa yake au anajua sana biashara yake.

Sweta za vibandani kwa sehemu kubwa ni akriliki, yaani nyuzi za plastiki, au mchanganyiko ambao alpaka imo kwa sala tu. Kibandiko kilichoshonwa shingoni hakithibitishi lolote, kwa sababu vibandiko navyo huuzwa. Tumia mikono. Alpaka ni nzito kuliko inavyoonekana, huanguka ikining'inizwa badala ya kusimama kama kikapu, huwa baridi kidogo ukiigusa shavuni, na mng'ao wake ni wa ndani kama wa nywele zilizopakwa mafuta jana. Akriliki ni nyepesi, hurudi juu kama sponji, hukwaruza masikio ukiisugua kwa vidole, na inang'aa kila mahali kwa usawa. Sweta lenye lama waliopangwa mstari kifuani kwa rangi sita, laini ajabu, kwa soli 50 au 60, ni la akriliki. Linunue kama unalipenda, kwa sababu linakinga baridi ya usiku wa Cusco vizuri tu, lakini lilipe kama akriliki.

Jaribio la moto ndilo la uhakika, ila halifanywi mbele ya kibanda cha mtu. Nunua kwanza kitu kidogo kutoka kwa muuzaji unayemfikiria, kwa mfano kofia, chomoa uzi mmoja na uuchome chumbani juu ya sinki. Uzi wa mnyama huzimika wenyewe na kuacha majivu yanayosagika; wa plastiki huacha kidonge kigumu cheusi. Ukiridhika, rudi kesho kwa sweta.

Anayetaka sweta moja nzuri ya kudumu miaka, bila mtihani, aingie maduka ya kampuni zinazosokota sufu zenyewe, kama vile Kuna na Sol Alpaca, zote mbili zikiwa na mizizi yake katika mji wa Arequipa, ambako ndiko sufu nyingi ya nchi husafishwa na kusokotwa. Atalipa bei ya duka la Ulaya, atapata risiti na kiwango kamili cha mchanganyiko. Sioni aibu kuyapendekeza, ingawa humo hakuna mkono wa mtu wa kuutazama, na hiyo ndiyo sababu kundi hili zima liko nafasi ya nne.

Kofia yenye masikio, chullo, ni jambo tofauti kidogo. Iliyofumwa kwa mkono kwa sindano nyembamba hugeuzwa ndani na kutazamwa, kama nilivyosema kuhusu nguo, na mishono yake husongamana kiasi cha kushika maji. Za kisiwa cha Taquile, katika ziwa Titicaca, hufumwa na wanaume, na ufumaji wa kisiwa hicho umo katika orodha ya UNESCO ya urithi usioshikika. Hufika Cusco kwa uchache.

Nafasi ya tano: fedha

Peru ina fedha nyingi na mafundi hodari, na kipimo cha kawaida cha fedha bora nchini humo ni 950, yaani sehemu 950 kati ya 1,000. Tafuta muhuri huo. Mtego uko kwenye neno. Kwa Kihispania, "alpaca" ni jina la mnyama na vilevile ni jina la mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki, ambao hung'aa kama fedha na hauna fedha ndani yake hata chembe. Muuzaji anayesema kwamba hereni zake ni "alpaca" hajasema uongo. Wewe ndiye uliyesikia vibaya. Nikeli huwasha ngozi za baadhi ya watu, kwa hiyo kosa hilo hujulikana sikioni ndani ya juma moja. Kwa kuwa muhuri nao hugongwa na yeyote mwenye nyundo, nunua fedha dukani kwa risiti iliyoandika kiwango, au usinunue.

Kuhusu kupatana na kulipa

Kituo cha ufumaji na maduka makubwa hayapatani bei. Vibandani, sokoni Pisac, na katika Centro Artesanal, soko la kazi za mikono lililoko mwisho wa Avenida El Sol, bei ya kwanza ni salamu. Namna inayofanya kazi ni kukusanya vitu vitatu au vinne kwa muuzaji mmoja na kuuliza bei ya vyote kwa pamoja, halafu mwishoni, mkishakubaliana, kuomba yapa, ambayo ni nyongeza hasa, kama ile ya muuza nyanya wa kwetu: kikuku, kidoli cha kidoleni, chochote. Ukiitwa "caserita" au "caserito", umeshahesabiwa kuwa mteja wa kibanda. Aliye wa kwanza asubuhi humfungulia muuzaji biashara, na utamwona akijifanyia ishara ya msalaba kwa noti yako. Saa hiyo bei hulainika. Kwa mwanamke aliyefuma kitu mwenyewe mimi sishushi zaidi ya kidogo, kwa sababu najua ni siku ngapi ninazozikata.

Chukua soli za noti ndogo, kwani noti ya 100 humtuma muuzaji kuzunguka soko zima akitafuta chenji. Dola iliyochanika hata pembeni hukataliwa. Kadi, mahali zinapopokelewa, mara nyingi huongezewa asilimia kadhaa. Utaona kila kibanda kina picha ya Yape, malipo ya simu yanayofanana na M-Pesa kwa matumizi. Hayo ni ya wenye akaunti za huko.

Visivyonunuliwa

Vikunya ni binamu wa porini wa alpaka, mwenye unyoya wa mikroni 12 au 13. Hunyolewa kwa idhini ya serikali na kuachiwa, na shali yake halali hugharimu mamia ya dola na zaidi. Anayekunong'oneza mtaani kwamba anayo ya soli 80 anakuuzia ama uongo au jinai, na kwa bei hiyo ni uongo.

Vyungu "vilivyochimbuliwa", vipande vya nguo za makaburini na sarafu za kale viachwe vilipo. Sheria ya Peru ya urithi wa utamaduni, namba 28296 ya mwaka 2004, inakataza kuvitoa nchini, na nakala iliyofanana mno na cha kale huweza kukukwamisha uwanja wa ndege usipokuwa na hati ya Wizara ya Utamaduni. Muuzaji mwaminifu wa nakala anaijua hati hiyo. Manyoya ya kasuku, ngozi, meno na vipepeo vya Amazon navyo havivuki mipaka bila vibali ambavyo mtalii hana. Vikuku vya mbegu nyekundu na nyeusi, huayruro, vinavyofanana na mbegu zetu za mturituri, huuzwa kama kinga ya husuda. Navyo huweza kuchukuliwa na wakaguzi wa mimea, na mtoto mdogo asipewe atafune.

Imebaki koka. Majani yake na vifuko vya chai yake viko kila duka la Cusco, ni halali huko, na wenyeji husema kwamba husaidia kuizoea hewa ya juu. Mkataba wa kimataifa wa 1961 umeyaweka majani ya koka katika orodha ya dawa za kulevya, na maofisa wa forodha wa Nairobi, Dar es Salaam au Miami hawatajali kwamba kifuko kina picha ya lama. Inyweni hukohuko hotelini, na kabla ya kufunga begi, kagueni mifuko ya makoti.